Vumbi Kidogo, Vumbi Jingi

Saa kumi alfajiri, Kilembe.
Mto Nyamwamba unasaga mawe yake gizani
nami niko juu ya paa la maabara
na darubini ya shule, yenye ufa kiooni,
naitafuta nyotamkia
kati ya ukingo wa mlima na waya za stima.

Ithungu kapanda ngazi na chupa ya chai.
Yeye huuza barafu, mapande marefu
yanayoshushwa na lori kwa ajili ya wenye samaki;
viganja vyake vina baridi isiyotoka hata Januari.
"Ni nini ile?"
"Barafu," nikamjibu, "na vumbi."
Akacheka hadi chai ikamwagika.
"Basi hata mimi ninayo, Mwalimu, nyuma ya duka,
ila yangu haina mkia."

Kisha akanifundisha.
"Pande likipata vumbi la barabarani, kidogo tu,
kama unga kwenye kope za msagaji,
jua hulishika pale pale palipo peusi,
shimo likazama kama kidole kwenye ugali.
Lakini lifukie! Maganda ya kahawa, shibiri nzima,
na mchana wa Kasese utabisha hodi
usifunguliwe."

Nilikuwa nimeyasoma hayo mwezi mzima,
milinganyo mitatu na mchoro.
Yeye aliyajua kwa hasara.

Nami nikamwambia ya huko juu,
ambako hakuna hewa ya kuibana barafu iwe maji:
haipitii umajini. Inalala jiwe, inaamka mvuke,
inapenya vumbi kama umbea unavyopenya pazia;
chembe nyepesi inazibeba, nzito inaziacha,
na zilizoachwa zinashikana, tabaka juu ya tabaka,
gamba jeusi kama makaa,
hadi joto lisifike tena chini
na nyota izime ingali imejaa.
"Imejaa nini?"
"Barafu ya tangu hapajawa na mtu wa kuona kiu."

Akanywa chai. Mbwa alibweka ng'ambo ya mto.
"Na gamba likipasuka?"
"Hufoka. Ule mkia ni kufoka huko.
Lakini vumbi jingine halina mbio za kutoroka;
hurudi, likatua taratibu
kwenye mabonde yake yasiyoona jua."

Tukalitazama bonde letu.
Vumbi la mgodi nalo lilirudi:
juu ya mabati, juu ya kunde,
ndani ya kifua cha baba yake
aliyekohoa miaka tisa bila kusimulia ya chini ya ardhi.
Gamba, niliwaza. Sikulitaja.

Mjomba wake anaitwa Kule, na kweli ameishi kule,
akibeba mizigo ya wageni hadi kwenye nzururu.
Anasema zamani weupe wake uliumiza macho,
siku hizi umepakwa weusi mwembamba,
moshi wa mashamba yanayochomwa mbali.
"Mwembamba," Ithungu akarudia. "Ungekuwa mnene, ungeifaa."
Sikujua kama ni utani.
Nadhani hata yeye hakujua.

Palipopambazuka, nyota ikayeyukia kwenye mwanga
bila kuyeyuka.
Tukashuka. Nyuma ya duka akafukua maganda kwa mikono miwili:
pande la jana lilibaki kama ngumi,
chafu, limegandwa na maganda ubavuni,
likifuka moshi mwembamba.

Mbambu wa jirani alikuwa na mtoto mwenye homa.
Ithungu akalifunga ngumi ile kwenye leso, akampa,
shilingi akazikataa.
Mama akavuka barabara mbiombio, leso ikidondoka,
na Ithungu akanivuta kola ya shati
nione yale matone yaliyopangana vumbini nyuma yake,
marefu, yakififia kuelekea kwetu.

"Haya, Mwalimu," akasema. "Mkia."